Pikapu ya Kale Iliyokutwa Bandani: Kuihifadhi Ilivyo, Kuirudisha Kiwandani au Kuibadilisha Mitambo

Pikapu iliyokaa bandani miaka ishirini au arobaini humweka mwenye nayo mbele ya njia tatu. Ya kwanza ni kuihifadhi ilivyo, yaani kuiwezesha kuwaka, kwenda na kusimama kwa usalama, huku rangi yake iliyopauka, mikwaruzo yake na maandishi ya biashara yaliyofifia mlangoni yakiachwa mahali pake. Ya pili ni kuirudisha katika hali ya kiwandani, ambapo gari hufunguliwa hadi chasisi ibaki tupu, kisha kila kipande husafishwa, hutengenezwa au hubadilishwa na kufungwa upya kama kilivyokuwa mwanzo. Ya tatu ni kubakiza umbo la kale na kuweka chini yake mitambo ya kisasa: injini nyingine, giaboksi nyingine, breki za diski, pengine na usukani wa pawa.

Wengi huchagua njia kabla hawajalala chini ya gari na tochi mkononi. Wameona picha za gari lililokamilika, linang'aa, na wameshaamua hata rangi. Mpangilio huo huzaa magari yanayoishia kuuzwa yakiwa vipande ndani ya makatoni, kwa sababu njia iliyochaguliwa haikulingana na hali ya chuma, ujuzi wa mwenyewe wala nafasi aliyo nayo. Katika ulinganisho huu naegemea njia ya kwanza, na sababu yangu ni kwamba kazi zake karibu zote ni hatua za mwanzo za njia nyingine mbili, hivyo anayeianza hapotezi kitu akibadili nia baadaye. Rangi ya asili ikishaondolewa kwa msasa hairudi, na chasisi ikishakatwa ili ipokee injini ngeni haitakuwa tena ile iliyotoka kiwandani. Hata hivyo yapo magari ambayo njia hiyo haiyafai, na ni vyema kuyatambua mapema.

Chasisi na hati kwanza

Pikapu nyingi za miaka ya 1940 hadi 1970 zimejengwa juu ya chasisi ya aina ya ngazi: boriti mbili ndefu za chuma zilizounganishwa kwa boriti fupi za kukingama, na juu yake hufungwa chumba cha dereva na bodi ya mizigo. Chasisi hiyo ndiyo yenye kauli ya mwisho. Igonge kwa nyundo ndogo kuanzia mbele hadi nyuma: chuma kizima hulia kwa sauti kali, kilicholiwa hutoa sauti butu, na bisibisi yenye ncha humaliza ubishi kwa kupenya. Sehemu za kutazamwa zaidi ni zile zinazoshika springi za nyuma, zile ambazo chumba cha dereva kimefungiwa, na kila mahali ambapo vyuma viwili vimebanana na kuhifadhi tope.

Kwenye bodi, tabia ya kutu hutofautiana kwa aina ya gari. Chevrolet za muundo ulioanza kutoka mwaka 1947, na Ford za mfululizo wa F ulioanza na modeli za mwaka 1948, huliwa pembe za chini nyuma ya milango, sakafuni, na kwenye vikanyagio vya pembeni ambako uchafu hulala na maji. Land Rover za kale huhadaa kwa namna nyingine. Bodi yake ni ya aluminiamu, kwa hiyo kwa nje gari huonekana zima, ilhali chasisi na ukuta wa chuma unaotenganisha injini na abiria vimeoza. Na pale aluminiamu inapogusana na chuma kwenye unyevu, ni aluminiamu inayogeuka unga mweupe.

Ikiwa boriti zimeoza kiasi cha kuhitaji kukatwa na kuchomelewa sehemu nyingi, njia ya kwanza haipo tena, kwa kuwa bodi italazimika kunyanyuliwa, na bodi ikishanyanyuliwa sehemu kubwa ya kazi ya njia ya pili imeshaanza. Ikiwa chasisi ni nzima na kutu iko kwenye mabati ya juu tu, njia zote tatu bado zimo mkononi.

Hati zikaguliwe siku hiyo hiyo. Namba iliyo kwenye kibati cha mlangoni au ndani ya chumba cha dereva ilinganishwe na ile iliyogongwa kwenye chasisi, na zote mbili zilinganishwe na kadi ya gari. Gari la bandani mara nyingi ni la marehemu, limepita mikono kadhaa bila kubadilishiwa jina, na ni rahisi zaidi kulimaliza jambo hilo kabla hakijanunuliwa hata kipuri kimoja. Njia ya tatu huongeza mzigo hapa: katika nchi nyingi mabadiliko ya injini hutakiwa kuandikishwa, na gari lililobadilishwa sana huweza kutakiwa kukaguliwa upya.

Kabla ya kugusa chochote ndani, jiandae kwa panya. Hupenda kutengeneza viota ndani ya kiti, kwenye kisanduku cha hita na juu ya tangi, na hula ganda la nyaya. Kinyesi chao huweza kubeba maradhi, virusi vya hanta vikiwemo, kwa hiyo kiota hakifagiliwi kikiwa kikavu. Hunyunyiziwa dawa ya kuua vijidudu kikalowa, kisha huondolewa kwa glavu na barakoa.

Injini: mahali ambapo njia huachana

Kishawishi kikubwa cha siku ya kwanza ni kuweka betri mpya na kupiga stata. Ni njia ya haraka ya kuiharibu injini ambayo huenda ilikuwa nzima. Ringi za pistoni zinaweza kuwa zimeshikana na ukuta wa silinda kwa kutu nyembamba tu, na nguvu ya stata huzivunja au huchana ukuta. Utaratibu unaofaa ni wa polepole. Plagi zote hutolewa, huku sehemu zinapokaa zikipulizwa kwanza ili uchafu usidondokee ndani; kila silinda humiminiwa oili nyepesi na kuachwa siku kadhaa; kisha spana huwekwa kwenye nati ya pulii iliyo mbele ya krankishafti, yaani mhimili unaozungushwa na pistoni, na kusukumwa taratibu mbele na nyuma. Mkono huhisi mambo ambayo stata haiwezi kuyahisi: ugumu unaolegea kidogo kidogo ni kutu inayoachia, na kizuizi cha ghafla kinachojirudia mahali pale pale ni valvu iliyokwama au kitu kilichoingia ndani ya silinda. Injini ikizunguka mizunguko miwili kamili bila kukwama, kila silinda imepita mapigo yake manne, na hapo ndipo inapofaa kuzungumzia cheche na mafuta.

Mafuta ya zamani yasipelekwe kwenye injini kabisa. Petroli iliyolala miaka huacha utomvu wa kahawia wenye harufu kali, ambao huziba vitundu vya kabureta na kugandisha pampu. Tangi lishushwe, lisafishwe ndani au libadilishwe, na wakati wa majaribio injini inyweshwe kutoka kwenye kidumu kidogo cha muda, kilichofungwa imara mbali na bomba la moshi. Tangi tupu ni la hatari kuliko lililojaa, kwa sababu mvuke wake hulipuka. Asilikaribie mtu yeyote mwenye mashine ya kuchomelea kabla halijashughulikiwa na fundi anayeijua kazi hiyo.

Hadi hapo njia zote ni moja. Baada ya hapo anayehifadhi hubadilisha oili, chujio, mabomba ya mpira, mkanda na maji ya rejeta, husafisha kabureta na pointi (swichi ndogo inayokata umeme ili plagi itoe cheche), hupima mgandamizo wa kila silinda, na ikiwa vipimo vinakaribiana huiacha injini hivyo ilivyo hata kama inafuka moshi kidogo. Anayeirudisha kiwandani huitoa, huifungua yote, hupima silinda na krankishafti, na kuipeleka kwa fundi wa mashine. Anayebadilisha mitambo huishusha na kuiweka pembeni.

Gharama ya njia ya pili hutegemea sana ni injini ipi. Mfano mzuri ni Chevrolet yenye silinda 6 na ujazo wa inchi 216, yaani lita 3.5 hivi. Beringi zake za fimbo za pistoni si vipande vya kununuliwa na kubandikwa, bali ni madini laini yaliyomiminwa humo yakiwa yameyeyushwa na kisha kuchongwa, na oili huzifikia fimbo hizo kwa kurushiwa na kuchotwa badala ya kusukumwa kwa shinikizo. Fundi anayejua kumimina madini hayo hapatikani kila mahali. Injini ya inchi 235 iliyofungwa kwenye pikapu za kampuni hiyo kuanzia mwaka 1954 ina mfumo kamili wa oili ya shinikizo na beringi za kubadilishwa, na huingia mahali pa ile ya zamani kwa marekebisho machache. Wengi wenye 216 iliyochoka huchukua hatua hiyo, na nionavyo mimi ni suluhisho la heshima linalosimama kati ya njia ya pili na ya tatu: anayefungua boneti bado anakuta injini ya ukoo uleule. Wakali wa usahihi hawatakubali, na wana haki yao.

Suala la petroli isiyo na risasi huulizwa mara nyingi. Tangu Julai 2021, Algeria ilipoacha kuiuza, petroli yenye risasi kwa ajili ya magari haiuzwi tena katika nchi yoyote, na injini za kale zilitegemea risasi hiyo kukinga viti vya valvu za kutolea moshi. Gari linalotembezwa kwa mwendo wa wastani mara chache kwa mwezi huchukua muda mrefu kuonyesha madhara, kwa hiyo anayehifadhi hana haja ya kuifungua injini kwa sababu hiyo peke yake. Anayeifungua kwa sababu nyingine aweke viti vigumu wakati huo huo.

Breki hazina njia tatu

Katika breki neno kuhifadhi halina nafasi. Mafuta ya breki ya kawaida, yale yenye alama ya daraja DOT 3 na DOT 4 kwenye chupa, hunyonya unyevu wa hewani, na baada ya miaka bandani unyevu huo umeshakula silinda za magurudumu kutoka ndani, huku mipira ikiwa imekauka na mabomba ya chuma yamekuwa membamba mahali pasipoonekana. Pedali inayokaza vizuri siku ya kwanza haithibitishi kitu. Silinda zote, mabomba yote na mipira yote ibadilishwe, na ngoma zipimwe. Lainingi za zamani, yaani vitambaa vya breki vinavyosugua ngoma, huenda zina asibesto, kwa hiyo vumbi lake halipulizwi kwa upepo wa kompresa, bali hulowanishwa na kufutwa. DOT 5 ni ya silikoni na haichanganywi na nyingine, DOT 5.1, licha ya jina lake, ni ya jamii ya DOT 3 na 4, na mkanganyiko huo umewagharimu wengi.

Pikapu nyingi za miaka ya 1950 zina mzunguko mmoja wa breki: bomba moja likipasuka, magurudumu yote manne hupoteza breki kwa pamoja. Njia ya pili hulazimisha mzunguko huo ubaki. Njia ya tatu huuondoa, na hapo ndipo ina ubora usiopingika juu ya nyingine. Lakini hata anayehifadhi anaweza kufunga masta silinda yenye mizunguko miwili chini ya sakafu, mahali pasipoonekana, akaihifadhi ile ya zamani kwenye sanduku. Iwapo gari litabeba watoto au litaingia kwenye msongamano, sioni sababu ya kusita.

Matairi yafuate hukumu hiyo hiyo. Tairi lililokaa bandani huweza kuwa na kashata nzuri na bado likawa limekauka na kupasuka ubavuni. Litumike kuliviringisha gari nje ya banda, basi.

Umeme

Chevrolet na Ford za kipindi hiki zilianza na volti 6. Chevrolet ilihamia volti 12 mwaka 1955 na Ford kwa modeli za mwaka 1956. Zaidi ya hayo, Ford za volti 6 zilikuwa na ncha chanya ya betri iliyofungwa kwenye chasisi, tofauti na magari ya leo, na anayeziunganisha kwa mazoea ataunguza kitu.

Volti 6 ina sifa mbaya isiyoistahili. Kwa kuwa nguvu ile ile kwa nusu ya volti huhitaji mkondo maradufu, nyaya zake lazima ziwe nene, na malalamiko mengi ya stata inayozunguka kivivu hutokana na mtu aliyefunga nyaya nyembamba za betri ya volti 12 au hakukwangua rangi na kutu pale waya wa ethi, ule unaounganisha betri na chasisi, unaposhika. Zikirekebishwa hizo, anayehifadhi anaweza kubaki na volti 6 kwa raha. Kilicho muhimu zaidi kwake ni hali ya nyaya zenyewe: ganda la kitambaa la enzi hizo humomonyoka likiguswa, na waya uliobaki uchi nyuma ya dashibodi ni moto unaosubiri. Seti nzima ya nyaya mpya zilizofumwa kwa sura ya zamani hufaa njia ya kwanza na ya pili sawasawa. Njia ya tatu haina hiari, kwa kuwa injini yenye kompyuta hudai volti 12, altaneta, pampu ya umeme ndani ya tangi na mfumo mpya wote. Aliyezoea pointi na kondensa ajue kwamba siku gari litakapogoma njiani hatalitengeneza kwa bisibisi na kipande cha msasa.

Mwendo wa barabarani

Hapa ndipo njia ya tatu huvuta watu, na ndipo pia mtego wake ulipo. Chukua Chevrolet ya nusu tani ya mwanzoni mwa miaka ya 1950, yenye uwiano wa difu wa 4.11, yaani propela (mhimili unaopeleka nguvu kutoka giaboksi hadi ekseli ya nyuma) huzunguka mara 4.11 kwa kila mzunguko mmoja wa gurudumu. Kwa tairi lenye kipenyo cha sentimita 71 hivi, injini huzunguka takriban mara 3,000 kwa dakika gari likienda kilomita 100 kwa saa, na ile 216 yenye beringi za kumiminwa haikukusudiwa kuvumilia hivyo kwa saa nzima. Gari lilitengenezwa kwa barabara za shambani na mwendo wa kilomita 70 au 80 kwa saa. Mtu anayeishi kando ya barabara kuu na anayetaka kulitumia kila siku ana sababu ya kweli ya kubadilisha.

Mtego uko kwenye mnyororo wa mabadiliko. Katika pikapu hiyo propela haiko wazi. Imefungwa ndani ya bomba linalotoka kwenye giaboksi hadi kwenye difu, na bomba hilo ndilo linalosukuma gari mbele. Mpangilio huo ulidumu kwenye pikapu za nusu tani za Chevrolet hadi mapema mwaka 1955. Maana yake ni kwamba mtu anayetaka giaboksi ya kisasa tu, yenye gia ya kupunguza mizunguko, analazimika kubadilisha na ekseli ya nyuma, kwa kuwa ya zamani haikubali propela iliyo wazi. Ekseli mpya hudai sehemu mpya za kuishikia kwenye springi na upana unaolingana na bodi. Injini yenye nguvu zaidi hudai breki kubwa zaidi, rejeta kubwa zaidi na mihimili mipya ya kuishika. Usukani wa zamani, ambao kwa kilomita 70 kwa saa haukuwa na neno, kwa kilomita 110 huanza kutangatanga. Anayeahidi kubadilisha injini peke yake hajaielewa kazi aliyoianza.

Rangi na bodi

Rangi ndiyo inayobeba historia ya gari, na kwa macho yangu ndiyo inayopaswa kuguswa mwisho. Chini ya vumbi la bandani mara nyingi kuna rangi ya kiwandani iliyo nyembamba lakini hai, na pengine jina la duka au shamba lililoandikwa kwa mkono. Maji ya uvuguvugu, sabuni laini na kitambaa hutosha kwa kuanzia. Mashine ya shinikizo hubandua rangi iliyolegea na kusukuma maji ndani ya milango. Baada ya kuosha na kukausha, mtu hung'arisha sehemu ndogo iliyojificha, kwa mfano upande wa ndani wa mlango, ili aone rangi ilivyokuwa na imebaki kiasi gani.

Kutu ya juujuu kwenye gari linalohifadhiwa husimamishwa, haiondolewi. Baadhi hupaka mafuta ya kitani yaliyochemshwa, ambayo hukolea rangi na kuziba vinyweleo vya kutu, ila vitambaa vilivyotumika visikunjwe na kutupwa pembeni, kwa kuwa hujipatia joto vyenyewe na kuwaka. Vitandazwe nje vikauke au viloweshwe majini. Wengine hupiga vanishi ngumu juu ya kutu. Siipendekezi, kwa sababu unyevu hunaswa chini yake na vanishi hubanduka vipande vipande, na kazi ya kuiondoa huondoa na rangi iliyokusudiwa kulindwa. Ndani ya boriti na milango, nta ya kuzuia kutu hupulizwa bila kubadilisha sura.

Njia ya pili na ya tatu hukutana kwenye kazi ya mabati, na hapa makosa ni ya gharama. Kupuliza mchanga ni kuzuri kwa chasisi, springi na rimu, lakini kwenye boneti, paa na milango, mapigo ya mchanga na joto lake hupindisha bati kubwa bapa, na bati lililopinda hivyo halinyooki kwa urahisi. Mabati hayo huondolewa rangi kwa dawa, kwa soda inayopulizwa, au kwa msasa na uvumilivu. Rangi za enzi hizo huweza kuwa na risasi, kwa hiyo vumbi lake halifai kuvutwa puani wala kuachwa lisambae uani. Vipande vidogo vyenye kutu husafika vizuri kwa umeme wa betri ndani ya maji yenye magadi ya kufulia, mradi chuma cha pili kisiwe cha pua, kwa kuwa hutoa sumu ya kromiamu, na kazi ifanyike mahali penye hewa kwani gesi inayotoka ni haidrojeni.

Sakafu ya mbao ya bodi ya mizigo haihitaji mjadala mrefu: iliyooza hubadilishwa katika njia zote. Viti na dari vivyo hivyo.

Vipuri, nafasi na thamani

Upatikanaji wa vipuri unaweza kuamua peke yake. Chevrolet za miaka ya 1947 hadi 1955 na Ford za mfululizo wa F hutengenezewa upya karibu kila kitu, kuanzia raba za vioo hadi mabati ya pembe, na Land Rover nazo zimehudumiwa vizuri. Pikapu za Studebaker, au za International, huwa ngumu zaidi, hasa mapambo, taa na vioo vya kujipinda. Kwa gari la aina hiyo, njia ya pili humaanisha kununua gari la pili lililokufa ili lichunwe vipuri. Spana pia zizingatiwe: gari la Marekani na la Uingereza la enzi hizo hudai spana za inchi, za Uingereza nyingine hudai za Whitworth, kipimo cha zamani cha Uingereza cha boliti na nati, na kulazimisha spana ya milimita huondoa pembe za nati.

Nafasi husahauliwa. Pikapu iliyofunguliwa yote hukaa eneo la mara tatu ya iliyo nzima, kwa muda ambao hupimwa kwa miaka. Njia ya kwanza hulifanya gari litembee baada ya miezi, na jambo hilo lina uzito kuliko linavyoonekana, kwa sababu gari linalotembea hudumisha hamu ya mwenye nalo. Anayefungua apige picha kila hatua, na aweke boliti za kila sehemu katika mfuko wake wenye jina.

Kuhusu thamani, FIVA, shirikisho la kimataifa la magari ya kale lililoanzishwa mwaka 1966, huhesabu gari kuwa la kihistoria likiwa na umri usiopungua miaka 30 na likiwa limetunzwa katika hali iliyo sahihi kihistoria. Gari lililobadilishwa mitambo huwa nje ya fungu hilo, na hupata bei kwa ladha ya mnunuzi mmoja badala ya soko zima. Gari lililorudishwa kiwandani na fundi wa kulipwa ni nadra kurudisha fedha zilizotumika, isipokuwa liwe la aina adimu sana.

Ipi kwa nani

Mwenye pikapu yenye chasisi nzima, injini inayozunguka na rangi iliyobaki hata nusu, aihifadhi. Aifanyie breki, mafuta, umeme na matairi, aitembeze mwaka mzima, na baada ya hapo atajua kwa hakika kama inamchosha kwa mwendo wake au inampendeza hivyo ilivyo. Mwenye gari adimu ambalo mabati yake yameshaliwa, au lililopakwa rangi ovyo mara tatu, hana cha asili cha kulinda juu juu, na kwake njia ya pili ni halali, mradi awe na banda lenye paa, fedha za akiba na uhusiano mzuri na mchomeleaji. Njia ya tatu ningeiweka kwa gari lililokutwa bila injini, au lenye bloku iliyopasuka, au ambalo mtu wa awali ameshakata chasisi yake. Kuchukua gari kamili la asili na kulitupia vyote chini ni kuharibu kitu kinachopungua kila mwaka ili kupata kitu ambacho kingepatikana kutokana na bodi tupu.

Lipo fungu la nne lisiloingia vizuri popote: pikapu iliyokutwa bandani ikiwa imeshafunguliwa na mtu aliyekata tamaa. Huyo kabla ya kulipa aombe kila katoni imwagwe sakafuni. Injini na difu huonekana kwa macho na zikikosekana hutafutwa. Vinavyoangusha mradi ni vitasa, vishikio vya vioo, fremu za geji, vibano vya nyaya na boliti za umbo maalumu. Vikiwepo vyote, njia ya pili inawezekana na huenda kazi chafu imeshafanywa. Vikiwa vimepotea kwenye gari ambalo vipuri vyake havitengenezwi tena, bei ya gari ipimwe kama ya bodi na chasisi tu, na mpango uwe wa njia ya tatu tangu siku hiyo.